Kijiti cha Pamba Pembeni mwa Uwanja

Kulikuwa na mwamuzi wa mpira ambaye watu walimtukana kila Jumamosi na kumsalimia kwa adabu kila Jumatatu. Jumamosi alikuwa kipofu, mla rushwa, adui wa vijana. Jumatatu alikuwa fundi wa vioo, na mtu ambaye dirisha lake limevunjwa na mpira hana ubavu wa kuleta jeuri kwa fundi wa vioo. Wote walimwita Refa. Wateja walimwita Refa, majirani walimwita Refa, na hata mkewe, ambaye alikuwa na kila haki ya kumwita vinginevyo, naye alimwita Refa.

Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke mwenye sauti ya kupenya ukuta. Kila Jumamosi alibeba kiti chake cha kukunja na mwavuli, akaenda kukaa katikati ya mashabiki wenye kelele kuliko wote. Refa akosee asikosee, wa kwanza kuruka juu alikuwa yeye. "Refa! Kwangu leo huli!" Watu walikuwa wanavunjika mbavu. Mgeni akiuliza yule mama ana ugomvi gani na mwamuzi, anajibiwa, "Ni mkewe yule." Mgeni anatikisa kichwa. "Aa, basi mwacheni, anamjua."

Maradhi yalianza kama uchovu tu. Alisema ni watoto wa shule, wanamnyonya nguvu. Kisha fizi zikawa zinatoa damu, na mikononi ikatokea michubuko ambayo hakumbuki amejigonga wapi. Hospitali wakamwambia ni saratani ya damu. Daktari, mtu mpole aliyekuwa na tabia ya kuchora kila anachokisema, aliwachorea mfupa kwenye karatasi, akaonyesha katikati yake. "Humu ndani kuna uboho, na uboho ndio kiwanda cha damu. Chako kimeharibika, mwalimu. Dawa zitaurudisha ugonjwa nyuma kwa muda, lakini tunataka seli shina za mtu mzima wa afya, zije zijenge kiwanda kipya. Tatizo ni kwamba lazima zilingane na zako."

Alikuwa na dada mmoja, mkubwa wake. Dada alipimwa, hazikulingana. Wakatafuta kwenye orodha ya watu waliojitolea kuchangia. Daktari hakuwaficha: kulingana kunakwenda sana na asili ya mtu, na watu wa asili yao waliojiandikisha walikuwa wachache mno.

Siku hiyo hiyo, akiwa kitandani na kitambaa kichwani, mkewe alimwambia, "Wewe Refa, kila Jumamosi unasimama na vijana wazima, wana afya zao, umri ndio huo unaotakiwa, na wanalazimika kukusikiliza wapende wasipende. Waambie."

Akawaambia. Muuguzi wa kituo cha wachangiaji akawa anakuja uwanjani na meza ndogo, anaipanga pembeni, nyuma ya mstari. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo kuliko watu walivyodhani: mtu anaandikisha jina na simu yake, anaulizwa maswali ya afya, anasugua ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba, basi. Kijiti kinakwenda maabara. Huenda asiitwe maisha yake yote. Huenda akaitwa.

Na kweli akapatikana mtu, si kwenye ile meza bali mahali pengine, hawakuambiwa wapi. Seli zake zililingana na za mwalimu. Alipigiwa simu akasema ndiyo. Nyumbani wakaimba. Baada ya siku chache akapigiwa tena kuitwa kwenye vipimo, akasema hapana. Alikuwa na haki ya kukataa, na hakudaiwa sababu. Jina lake halikutajwa, na mwingine hakupatikana. Mwalimu alifariki asubuhi moja, Refa akiwa ametoka kumtafutia ndala za bafuni kwa sababu za kwanza zilikuwa zinateleza. Aliporudi wodini na ndala zake ndani ya mfuko, shemeji yake, dada wa mwalimu, alimpokea mlangoni, akamchukua ule mfuko.

Watu walisubiri alie. Hakulia mazikoni, hakulia siku ya kuanua matanga, hakulia alipoletewa picha kubwa ya mwalimu aikatie kioo. Aliikatia. Alipima fremu, akatoa milimita zake mbili za kupumulia, akapitisha kisu cha almasi mara moja, akakivunja kioo sawasawa kwenye mstari. Alikuwa amekufa ganzi. Mtu ukikalia mguu wako muda mrefu, mguu unauona, unajua ni wako, unaufinya na hausikii kitu. Yeye alikuwa hivyo mwili mzima, ila mikono ilikuwa inafanya kazi.

Jumamosi iliyofuata alichezesha mpira. Muuguzi naye akaja na meza yake, maana hakuna aliyemwambia asije, na Refa akasimama mbele ya timu mbili akasema maneno yale yale, maana hakuna aliyemwambia aache. Sauti ilikuwa imekauka. "Vijana, dakika moja. Kuna watu wana saratani ya damu. Wengine watapona wakipata seli za mtu anayelingana nao. Huyo mtu anaweza kuwa wewe. Meza ile pale. Kama hutaki, usijiandikishe. Kama utajiandikisha halafu ukiitwa ukimbie, pia usijiandikishe. Tuanze mpira."

Vijana walimwigiza. Beki mmoja aliifunza timu nzima ile sauti, na wakiwa kwenye mazoezi walikuwa wanaombana maji hivyo hivyo: "Kuna watu wana kiu. Maji yale pale." Lakini walijiandikisha. Muuguzi mwenyewe alishangaa. Alisema amewahi kuleta waimbaji, amewahi kuleta mabango na watu wa kutoa machozi, akarudi na majina ya kuhesabu kwa vidole.

"Wewe unawasomea kama bei ya vioo, na wanakuja. Siri yako nini?"

"Sina siri."

"Hata husikii uchungu ukiwa unasema?"

Refa alifikiri. "Hapana," alisema, na ulikuwa ukweli.

Jumapili shemeji yake alikuwa anamletea chakula. Alikuwa mwanamke mpana, mwendesha kantini ya kiwanda, asiye na subira na mtu yeyote. Aliweka hotipoti mezani, akafungua madirisha bila kuomba ruhusa.

"Shemeji, umelia?"

"Bado."

"Bado! Kwani kuna foleni?"

Refa alikula akiwa amesimama karibu na sinki. Shemeji alimtazama, akataka kusema kitu, akaanza kukwangua masizi kwenye sufuria ambayo haikuwa yake.

Sasa, miongoni mwa vijana wa pale uwanjani kulikuwa na golikipa mmoja waliyemwita Nyavu. Jina hakupewa kwa sifa. Alipewa kwa sababu nyavu zake zilikuwa zinatikisika kuliko za kipa mwingine yeyote. Kazi yake ilikuwa kupakia mifuko kwenye ghala la saruji, na alikuwa na mabega ya kujaza mlango. Mechi moja alimvaa mshambuliaji miguuni, Refa akapuliza penalti, na Nyavu alipomfuata kumweleza mambo kuhusu ukoo wake, Refa akamwonyesha kadi nyekundu. Kijana alitoka anafoka, akapiga teke chupa ya maji, akajikuta amesimama mbele ya meza ya muuguzi hana la kufanya mpaka mpira uishe.

"Nipe hicho kijiti," alisema. "Leo sina kazi."

Muuguzi alimkatalia kwanza. Alimwambia apoe, akae, asikilize. Akamweleza yote: akiitwa kutakuwa na vipimo, kutakuwa na sindano, na mtu atakayekuwa anamsubiri. Nyavu alikaa akasikiliza mpaka mwisho, jasho likimkauka. Kisha akasugua shavu lake. Refa aliona kwa mbali, wala hakufikiria zaidi.

Ulipita muda mrefu, msimu ukaisha na mwingine ukaanza. Siku moja Nyavu akaingia dukani kwa Refa na vumbi la saruji mpaka kwenye kope.

"Refa, wameniita. Wanasema nimelingana na mtu."

Refa alikuwa anafuta kioo cha kabati. Aliendelea kufuta mpaka pembeni, akaweka kitambaa chini.

"Vizuri."

"Mbona hufurahi?"

"Nafurahi," alisema Refa, kwa sauti ya kumwambia mteja arudi Alhamisi.

Nyavu alijikuna shingo. "Mimi nimeshawaambia ndiyo. Vipimo vimekwisha, niko sawa. Ila mama amesusa. Haongei na mimi tangu juzi. Anasema watanitoboa mgongo niwe kilema. Nimemweleza, hanisikii. Njoo uongee naye."

"Mimi si daktari."

"Daktari hamtaki. Ameniambia, mlete huyo aliyekutia kwenye mambo haya."

Refa alifunga duka, wakaenda. Mama yake Nyavu alikuwa anaishi vyumba viwili nyuma ya karakana, na kazi yake ilikuwa kupiga pasi nguo za watu. Mashati ya sare yalikuwa yametundikwa kila mahali, mpaka kwenye misumari ya picha. Hakuinuka.

"Karibu, baba. Kaa pale. Siyo hapo, hizo ni za watu."

"Asante, mama."

"Wewe ndiye uliyemtoa mwanangu kwa kadi nyekundu?"

"Ndiye mimi."

"Na ile penalti?"

"Ilikuwa penalti, mama."

Mama alishindilia pasi kwenye ukosi. Nyavu alijiegemeza kwenye fremu ya mlango, amenywea, mtu mzima na mabega yake yale.

"Mimi sina maneno mengi," alisema mama. "Baba yake hayupo. Mgongo wa huyu ndio sufuria yetu. Ukivunjika, tunakula nini? Penalti?"

"Mgongo hauguswi, mama. Atachomwa sindano ndogo siku kadhaa, za kuzifanya zile seli ziwe nyingi, zitoke kwenye uboho ziingie kwenye damu. Mifupa itamuuma, kama mtu mwenye homa, na kichwa. Sitakudanganya kwamba hatasikia kitu. Siku yenyewe atakaa kwenye kiti, damu itoke mkono huu ipite kwenye mashine, wachukue seli, nyingine irudi mkono wa pili. Jioni anarudi nyumbani. Kupakia mizigo apumzike mpaka wamruhusu. Kilichotoka mwili unakijenga tena."

"Wewe ulishatoa?"

"Umri wangu umepita. Walinikataa."

"Umeona! Unatoa cha mwenzio."

"Ndiyo," alisema Refa.

Jibu hilo lilimkwamisha mama kidogo. Alikuwa amejiandaa kwa mabishano. Akageuza shati, akapiga pasi mkono mmoja, akauliza bila kuinua macho, "Nasikia mkeo alikufa na ugonjwa huo."

"Ndiyo. Alipatikana mtu wa kumchangia, akakubali. Halafu akakataa."

"Kwa nini?"

"Hatukuambiwa."

"Nawe ukamfanya nini?"

"Simjui ni nani."

"Ungemjua?"

Swali hilo Refa alikuwa ameulizwa na watu wengi, na siku zote alijibu kwamba hajui, akaliacha liende. Safari hii alitazama yale mashati, na ile mikono iliyokuwa imevimba kwenye vifundo, na kijana aliyekuwa mlangoni anasubiri mama yake amtazame. Kwa mara ya kwanza yule mtu asiye na jina alipata nyumba kichwani mwake. Alipata chumba na mlango, na mtu wa kumwambia usiende.

"Sijui," alisema. "Pengine naye alikuwa na mama."

Mama aliinua pasi, akaisimamisha, akachomoa waya ukutani.

"Sikuja kukuomba umruhusu," aliendelea Refa kwa sauti ile ile kavu. "Nimekuja kwa neno moja. Kama ni hapana, iwe leo. Kabla ya mgonjwa kupewa seli za mwanao, atapewa dawa kali za kuua uboho wake wote. Akishapewa hizo, hana pa kurudi nyuma. Mwanao akisema hapana leo, watatafuta mwingine, na hakuna atakayekuja hapa kukulaumu. Akisema hapana baada ya dawa hizo, yule mtu anakufa. Ni hilo tu, mama."

Nje, mtu wa karakana alikuwa anagonga bati. Mama alikaa kitini, mikono mapajani.

"Na wewe unasemaje?" alimuuliza mwanawe. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu juzi.

"Mama, mimi nimeshasema ndiyo. Nataka usininunie tu."

"Nitanuna. Mimi ni mama yako, nitanuna mpaka urudi." Akapangusa uso kwa mkono wa shati la mtu, akaliona, akaguna, akalitupa kwenye beseni la kufuliwa upya. "Lakini nitakwenda na wewe. Na huyu refa wako aje, asijifiche."

Zile sindano zilimlaza. Nyavu alisema anaumwa kiuno na mapaja kama mtu aliyepakia saruji ya nchi nzima peke yake. Siku yenyewe wakamkalisha kwenye kiti kirefu karibu na dirisha, sindano mikono yote miwili, akaambiwa asikunje viwiko. Mama yake alimnywesha maziwa kwa mrija. Refa alikaa upande wa pili, na kazi yake ikawa kumkuna pua.

"Juu kidogo. Kulia. Refa, hata pua huioni?"

Mashine ilikuwa inavuma taratibu, na kwenye mfuko uliotundikwa juu yake kilikuwa kinajikusanya kitu chenye rangi ya supu ya nyanya iliyotiwa maziwa. Refa alikitazama muda wote. Alijua kwamba hicho ndicho kilichokosekana. Kilichoingia kwenye mfuko mdogo hivyo, kilichoweza kubebwa na mtu mmoja kwa mkono mmoja. Alisubiri moyo wake ufanye chochote. Haukufanya. Mchukuzi alikuja na sanduku la baridi, wakasaini, akaondoka na seli hizo kuelekea hospitali ambayo hawakutajiwa. Mama alimwombea dua yule mchukuzi mpaka mlango wa lifti ukafungwa. Refa aliinama, akamfunga Nyavu kamba za viatu.

Baada ya muda kijana alirudi ghalani, akarudi na golini, na nyavu zake zikaendelea kutikisika kama kawaida. Kuhusu mgonjwa hawakusikia kitu kwa miezi. Kisha akaja dukani mbio, mara hii bila vumbi.

"Refa! Wameniambia yuko nyumbani! Damu yake inajengeka. Ni mwanamke mtu mzima, ana watoto. Jina hawasemi, ila yuko nyumbani kwake!"

"Vizuri sana," alisema Refa, akampa mkono, na Nyavu akamkumbatia akamwinua juu kama mfuko wa saruji, akaondoka anapiga mbinja.

Refa alibaki na kioo cha mteja mezani. Alipima, akashika kisu, akakiweka. Kitu kilikuwa kinampanda kifuani, na mwanzoni alidhani ni furaha imechelewa njiani. Haikuwa furaha. Ilikuwa hasira. Alikuwa na hasira na mwanamke mwenye saratani, asiyemjua, aliyekosa nini? Amepona. Yuko nyumbani kwake, anawaambia watoto wake waoshe mikono. Kwa nini yeye? Alikaa juu ya kreti la vioo, akapiga ngumi kwenye goti mpaka goti likauma, na mteja aliyechungulia mlangoni akaona heri arudi baadaye.

Jumapili alimweleza shemeji yake. Hakujua kwa nini. Alitaka kusema asante kwa chakula, yakatoka hayo.

"Nina hasira na mgonjwa, shemeji. Mtu wa namna gani mimi?"

Shemeji hakumcheka. Alivuta kiti akaketi, mwanamke ambaye hakuwa na kawaida ya kuketi kwenye nyumba ile.

"Mimi niliwahi kuichukia damu yangu mwenyewe," alisema. "Tumbo moja, baba mmoja, nikapimwa nikaambiwa hailingani. Nilikuwa nikijikata jikoni naitazama ile damu naiambia, pumbavu, una kazi gani? Sikukwambia. Ningekwambiaje?"

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, wakamzungumzia mwalimu kama mtu. Shemeji alisimulia alivyokuwa mtoto, alivyolala na viatu vipya. Refa alisimulia jinsi mkewe alivyoficha peremende za wanafunzi kwenye makopo ya chumvi. Hakulia. Lakini kitu ndani yake kilianza kuuma kama mguu unaoanza kuamka, na hakukifurahia hata kidogo.

"Ile ya uwanjani," alisema mwishowe, "sijui naifanya kwa ajili yake au nimezoea tu. Nasimama pale nasema, na ndani hamna kitu."

"Yule mama aliyerudi kwa watoto wake," shemeji alisema, "unadhani anajali?"

Shemeji aliinuka akafunika hotipoti. Aliuliza Jumamosi hii wako uwanja gani. Refa akamtajia. Akaongeza kwamba mama yake Nyavu amempigia simu: anataka kuja mezani kuongea na akina mama wenzake, maana vijana wakienda nyumbani wanaokataa ni mama zao, na yeye maneno yao anayajua yote, alishayasema mwenyewe.

"Na nani anabeba ile meza?"

"Muuguzi."

"Peke yake? Na wewe unamtazama na filimbi yako mdomoni?" Shemeji alichukua mkoba wake. "Mwambie aniachie. Nitapitia kwake saa mbili."